Tovuti iko kwenye laptopu, inafikaje kwenye seva? Hatua kwa hatua kwa kutumia FileZilla

Kila baada ya siku chache napokea swali lilelile, sauti tu ndiyo inabadilika: "Kaka, domeni nimelipia, hostingi nimelipia, tovuti iko hapa kwenye laptopu. Inafikaje huko?" Wengine wamefika mbele kidogo. Wamepandisha kila kitu, wakaandika anwani yao kwenye kivinjari, na kilichofunguka ni ukurasa wa kampuni ya hostingi unaowakaribisha. Nimechoka kujibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne nne, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. "Kupakia" na "kupakua" vinatofautiana kwa herufi moja tu. Niliwahi kumwelekeza mtu kwa simu, mtandao unakatakata, nikasema apakue, yeye akasikia apakie, na mafaili mapya ya kwenye seva yakafunikwa na ya zamani. Tangu siku hiyo nasema kupandisha, yaani kutoka kwenye kompyuta yako kwenda kwenye seva (kompyuta ya kampuni ya hostingi inayotunza tovuti yako), na kushusha, yaani kutoka kwenye seva kuja kwako.

Nitatumia FileZilla, programu ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta yako na seva. Ni ya bure, ipo tangu 2001, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kama umezoea WinSCP au Cyberduck, kazi ni ileile, vitufe tu vimekaa pengine. Usihangaike na kivinjari: miongozo ya zamani inakuambia uandike ftp:// (FTP ni utaratibu wa kuhamisha mafaili kwenye mtandao) kwenye Chrome au Firefox, lakini vyote viwili viliondoa uwezo huo mwaka 2021.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- FileZilla Client, kutoka filezilla-project.org. Ipo pia FileZilla Server. Hiyo si yako. Wakati wa kusakinisha soma kila dirisha kabla ya kukubali, maana baadhi ya visakinishi vyake huja na ofa za programu nyingine.
- Taarifa nne: anwani ya seva, jina la mtumiaji, nywila na namba ya poti (mlango wa kuingilia kwenye seva). Ziko kwenye ile barua pepe uliyotumiwa siku uliponunua hostingi, au ndani ya cPanel (ukurasa wa kusimamia hostingi yako) sehemu ya "FTP Accounts".
- Folda ya tovuti yako, ambayo umeshaifungua kwenye laptopu ukaona inafanya kazi.
- Bando la kutosha. Bofya kulia kwenye folda, angalia ukubwa wake, kisha linganisha na kilichobaki kwenye simu. Kupandisha kunakula bando sawasawa na kushusha, jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamefika nusu.
- Chaji. Usianze kazi hii betri ikiwa na asilimia 15 na umeme wa mtaani kwenu unaujua mwenyewe.

Kosa la kwanza kabisa ninaloliona liko hapa hapa: mtu anatumia nywila ya akaunti ya kulipia huduma, ile anayoingia nayo kulipa ankara. Hiyo siyo. Akaunti ya FTP ina jina lake na nywila yake, na mara nyingi jina lenyewe linafanana na anwani ya barua pepe, mfano fundi@jinalako.co.tz. Liandike lote, pamoja na @ na kinachofuata.

FTP, FTPS au SFTP?

FTP ilibuniwa 1971, enzi ambazo waliokuwa kwenye mtandao walikuwa wachache na wanafahamiana. Inatuma nywila yako waziwazi, na yeyote aliye katikati anaisoma. Kama kampuni yako ya hostingi inaruhusu SFTP, njia nyingine ya kuhamisha mafaili ambayo huficha kila kinachopita, tumia hiyo. Kwa kawaida iko poti 22. Kama hairuhusu, tumia FTPS, yaani FTP iliyofunikwa kwa TLS (teknolojia ya kuficha mawasiliano), ambayo iko poti 21 ileile ya FTP ya kawaida. FTP tupu iwe chaguo la mwisho, na kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya mgahawa isiwe chaguo kabisa.

Hatua zenyewe

1. Safisha majina ya mafaili. Windows haijali herufi kubwa na ndogo. Seva nyingi za hostingi zinatumia Linux, na Linux inajali sana. Faili likiitwa Nembo.PNG, na ndani ya ukurasa umeandika nembo.png, kwenye laptopu picha itaonekana na kwenye seva haitaonekana. Weka kila kitu kwa herufi ndogo, bila nafasi. Panapohitaji nafasi weka kistari. Ukurasa wa mwanzo uitwe index.html au index.php. Ukiuita Index.html au nyumbani.html, seva haitajua kwamba ndio wa kuanza nao.

2. Hifadhi taarifa za seva. Fungua "File", kisha "Site Manager", bofya "New site", ipe jina utakalolitambua. Kwenye "Protocol" chagua SFTP, au FTP. Ukichagua FTP, kwenye "Encryption" weka "Require explicit FTP over TLS". Kwenye "Host" andika anwani ya seva bila http:// na bila mkwaju (/) mwishoni. Kama domeni umeinunua leo, huenda bado haijaanza kuelekea kwenye seva yako. Tumia anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha seva, iliyomo kwenye barua pepe ya hostingi. Kwenye "Logon Type" chagua "Normal" kama kompyuta ni yako peke yako. Kama ni ya ofisi au ya kwenye kafe, chagua "Ask for password", na usiguse kabisa ile "Quickconnect" ya juu, kwa sababu inatunza historia ya ulikoingia.

3. Bofya "Connect". Mara ya kwanza litatokea dirisha la kukuonyesha cheti au ufunguo wa seva na kukuuliza kama unauamini. Watu wengi hushtuka hapa. Kwenye hostingi ya pamoja, yaani seva moja yenye tovuti za wateja wengi, cheti kinaweza kuwa na jina la kampuni badala ya domeni yako. Hilo ni la kawaida. Likiwa ni jina la kampuni yako ya hostingi, kubali. Lakini ikiwa umeshaingia mara nyingi, halafu siku moja FileZilla inakuambia ufunguo umebadilika, usikubali kwa mazoea. Piga simu kwanza uulize kama wamehamisha seva.

4. Jua umesimama upande gani. Juu kuna mistari ya maandishi inayopita. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya mazungumzo kati yako na seva, na tutaihitaji baadaye. Chini kuna foleni ya mafaili. Katikati kuna pande mbili: kushoto kwangu, kulia kwao. Irudie kichwani hadi ikae. Kushoto ni kompyuta yako, kulia ni seva, na kuburuta kwenda kulia ni kupandisha.

Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Nilikuwa nimerekebisha bei za duka la mteja moja kwa moja kwenye seva, jioni, kwa haraka. Kesho yake nikafungua FileZilla niongeze picha mbili, nikaburuta folda nzima kutoka kushoto, nikasema ndiyo kwa kila swali. Mchana mteja ananipigia: kuna mtu yuko dukani anataka auziwe kwa bei ya mwaka jana, na ameshika simu yenye ushahidi. Ndiyo maana hatua ya 6 ipo, na ndiyo maana siku hizi sirekebishi chochote kwenye seva bila kukishusha kwenye laptopu siku hiyohiyo.

5. Tafuta folda ya wazi kwa umma. Upande wa kulia utaona folda kadhaa. Kwenye cPanel unayoihitaji inaitwa public_html. Kwingine inaitwa www, htdocs au httpdocs. Kilichomo ndani yake ndicho dunia inachokiona. Kilicho nje yake hakionekani kwa mgeni, hata ukipandishe mara kumi. Ukiona folda inayoitwa mail, iache ilivyo. Mara nyingi ndimo zinamokaa barua pepe za domeni yako, na nimeshaona mtu akiifuta kwa nia njema ya "kupunguza uchafu".

6. Shusha nakala ya kilichopo. Hata kama unadhani hakuna kitu. Kwanza fungua menyu ya "Server" na uweke alama kwenye "Force showing hidden files", ili mafaili yanayoanza na nukta, kama .htaccess (faili lenye maelekezo kwa seva), yaonekane, bila hivyo utashusha nakala yenye pengo bila kujua. Kisha tengeneza folda kushoto, ipe jina lenye tarehe ya leo, na uburute yaliyomo ndani ya public_html kuja humo. Ukikuta index.html ya kampuni ya hostingi, usiifute, ibadilishe jina tu.

7. Pandisha yaliyomo, usipandishe folda. Hapa ndipo wanapokwama nusu ya wanaoniandikia. Tuseme tovuti yako iko kwenye folda inayoitwa duka. Ukiishika folda hiyo na kuiburuta ndani ya public_html, ukurasa wako utakaa public_html/duka/index.html. Anayeandika jinalako.co.tz hataukuta, mpaka aongeze /duka mwishoni. Fanya hivi: kushoto, bofya duka mara mbili uingie ndani. Kulia, ingia ndani ya public_html. Rudi kushoto, bonyeza Ctrl+A kuchagua vyote, kisha bofya kulia na uchague "Upload". Ukimaliza, index.html inatakiwa ionekane moja kwa moja ndani ya public_html, bila folda katikati.

8. Jibu swali la kufunika. Faili likiwa tayari lipo, FileZilla itakuuliza ufanyeje. "Overwrite" inafunika bila kuangalia. "Overwrite if source newer" inafunika pale tu faili lako ni jipya kuliko la seva, na kwa siku za kawaida ndilo jibu zuri, ilimradi saa ya laptopu yako iko sawa. Laptopu kuukuu ambayo kila ikizimwa inarudi miaka kadhaa nyuma itakudanganya. Umeme au bando likikata katikati ya kazi, jibu linabadilika: faili lililofika nusu lina tarehe mpya kule kwenye seva, kwa hiyo FileZilla italiona ni jipya na kuliruka likiwa bovu. Hapo chagua "Overwrite if different size".

9. Subiri foleni iishe, kisha angalia yaliyoshindikana. Chini kabisa kuna "Failed transfers". Ikiwa na namba pembeni, kazi haijaisha. Bofya kulia humo, chagua "Reset and requeue all", kisha bonyeza Ctrl+P foleni ianze tena.

10. Hakiki kwa macho ya mgeni. Fungua tovuti kwenye dirisha la faragha la kivinjari, halafu kwenye simu ukiwa umezima Wi-Fi. Bofya kila kurasa. Kivinjari ulichokuwa unatengenezea kimetunza mafaili ya zamani, hakifai kuwa shahidi.

Tovuti ikiwa na mafaili maelfu

FTP inafungua njia mpya kwa kila faili, hata liwe la baiti 200. Ndiyo maana picha moja ya MB 20 hupanda upesi kuliko mafaili elfu moja madogo yenye uzito uleule kwa jumla. WordPress (programu ya kutengenezea tovuti) ikiwa tupu, kabla hujaandika hata neno, ina maelfu ya mafaili. Kwa mtandao wa simu unaweza kupika maharage yakaiva foleni bado ipo.

Njia ya mkato: yafunge yote kwenye faili moja la zip, pandisha hilo moja, kisha ingia cPanel, fungua "File Manager", lichague na ubofye "Extract". Kanuni ya hatua ya 7 inahusu hapa pia: ingia ndani ya folda, chagua vyote, ndipo ufunge. Ukifunga folda yenyewe, utafungua folda yenyewe.

Ukimaliza futa ile zip kwenye seva. Usiseme nitaifuta kesho. Ikibaki ndani ya public_html, mtu yeyote anayebahatisha tovuti.zip au backup.zip anaishusha yote, pamoja na faili lenye nywila ya hifadhidata (database) yako.

Na kwa WordPress, kupandisha mafaili ni nusu ya kazi. Makala, kurasa na mipangilio viko kwenye hifadhidata, na hifadhidata haipandi kwa FTP. Utaitoa kwenye laptopu kwa "Export" ya phpMyAdmin (programu ya kusimamia hifadhidata), utaiingiza kwenye seva kwa "Import", kisha utafungua wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, na kubadilisha DB_NAME, DB_USER na DB_PASSWORD ziwe za huko. Kwenye jedwali la wp_options, siteurl na home nazo zitakuwa bado zinasema localhost, yaani laptopu yako, zibadilishe. Usifungue faili la hifadhidata kwenye Notepad ukabadilisha anwani zote kwa mkupuo: WordPress hutunza baadhi ya mipangilio pamoja na idadi ya herufi zake, na idadi isipolingana mpangilio huo unakufa kimyakimya.

Ikigoma

Kabla ya yote, fanya jaribio la dakika moja. Andika neno lolote kwenye faili liitwe jaribio.txt, lipandishe, kisha fungua jinalako.co.tz/jaribio.txt. Neno likionekana, uko kwenye folda sahihi na tatizo ni mafaili yako. Lisipoonekana, uko kwenye folda nyingine, au domeni inaelekea kwenye seva nyingine. Jaribio hili limeniokoa mara nyingi kuliko maarifa yoyote.

*"530 Login authentication failed".* Jina au nywila si sahihi. Ukinakili nywila kutoka kwenye barua pepe, mara nyingi nafasi tupu huja nayo mwishoni. Ukishindwa mara mbili, acha kubahatisha, weka nywila mpya kupitia cPanel. Ukiendelea kujaribu, seva inaweza kukufungia.

*"Connection timed out".* Huenda ndiyo umeshafungiwa. Unganisha laptopu kwa hotispoti ya simu ujaribu tena. Ikikubali, anwani ya mtandao wako wa kwanza imezuiwa. Waombe kampuni waifungulie. Ikikataa kote, angalia anwani ya seva na poti. SFTP hukataa pia pale ambapo kifurushi chako hakijawashiwa SSH (njia ambayo SFTP hupitia), au SSH imewekwa kwenye poti tofauti na 22.

*Imeingia, lakini inasema "Failed to retrieve directory listing".* FTP ina njia mbili, moja ya amri na nyingine ya mafaili, na hiyo ya pili imezibwa njiani. Nenda "Edit", "Settings", "Connection", "FTP", uchague "Passive". Ikiendelea, ukuta wa mtandao wa ofisini ndio unaoziba. Tumia SFTP, ambayo hupitisha vyote kwenye njia moja.

*Umeingia, public_html haipo, panaonekana patupu.* Akaunti yako ya FTP imefungiwa ndani ya folda ndogo. cPanel hufanya hivyo isipoelekezwa vingine wakati akaunti inatengenezwa. Tengeneza nyingine, na kwenye "Directory" hakikisha pameandikwa public_html bila kitu cha ziada nyuma yake.

*"550" wakati wa kupandisha.* Huna ruhusa ya kuandika pale, au folda haipo.

*Mafaili yanafika yakiwa na baiti 0.* Huenda nafasi kwenye seva imejaa. Angalia kwenye cPanel. Mara nyingi mlaji ni nakala za zamani au barua pepe zisizofutwa.

*"403 Forbidden" kwenye kivinjari.* Aidha hakuna index.html, au ruhusa zimevurugika. Bofya kulia kwenye faili, chagua "File permissions": mafaili yawe 644, folda ziwe 755. Utakutana na mtu atakayekushauri uweke 777 "ili iishe". Hiyo inampa kila mtumiaji wa seva ile uwezo wa kuandika ndani ya tovuti yako.

*"500 Internal Server Error" baada ya kuhama kutoka seva nyingine.* Anza na .htaccess. Ibadilishe jina iwe .htaccess-zamani, fungua tovuti tena. Ikifunguka, ndani yake kuna mstari ambao seva mpya haiuelewi.

Ukishindwa kabisa na inabidi uwaandikie kampuni ya hostingi, usiandike "haifanyi kazi". Nakili mistari kumi ya mwisho kutoka juu ya FileZilla, ongeza saa tatizo lilipotokea na anwani ya IP ya mtandao uliotumia. Usiogope kuituma mistari hiyo kwa sababu ya nywila. FileZilla huiandika kwa nyota tupu.